Sifa za Pampu Kubwa

Wapo mahasidi wanaomcheka kijana wa Nairobi aliyeing'oa pampu ya petroli iliyotoka kiwandani na Subaru yake kuukuu, akatia ya Walbro yenye kusukuma lita 255 kwa saa, ilhali injini haikuongezewa hata parafujo moja. Nami naona ni faradhi kumtetea, madhali ukarimu ni sifa njema hata ndani ya tangi. Pampu hiyo huipelekea injini maradufu ya haja yake, na injini, kwa kinaa yake, huchukua kidogo tu, ziada ikarejea tangini kwa mpira wa pili. Hivyo petroli ya shilingi 500 iliyotiwa asubuhi huzunguka safari nyingi kuliko gari lenyewe, ambalo wakati huo limesimama kwenye foleni ya Thika Road, nyuma ya matatu. Ni mfano wa mwenye kisima cha ndoo mbili aliyejinunulia mtambo wa zimamoto: nani atathubutu kusema hakujiandaa? Kweli, sheria imemwekea kilomita 50 kwa saa mjini, na matuta yakampunguzia hata hizo. Walakini hima ya mtu haipimwi kwa barabara aliyojaaliwa. Ama breki zinazolia na tairi vipara, hizo zitastahimili hadi mshahara ujao, kwani aliyekwisha kugharimia mwendo kwa kiasi hicho, kumtaka agharimie na kusimama ni kumvunjia heshima.