Mhadhara kwa Walioitwa Mahakamani, na Bingwa Asiyehitaji Kutambulishwa

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, kina mama mlioandaa pilau, nanyi vijana mliojibanza mlangoni kana kwamba mnatafuta upenyo: asanteni kwa kunialika. Mwenyekiti ananinong'oneza kwamba sikualikwa, nilijiandikisha mwenyewe. Ni yale yale. Katika jumuiya nzima ya Waswahili wa Texas hakuna aliyezama katika elimu ya juri kama mimi, na nayasema haya kwa unyenyekevu usio na mfano.

Tuanze na samansi. Umeapa uraia, umepiga picha na kibendera, picha imeshafika Tanga na Mombasa. Siku si nyingi, bahasha ya mahakama hiyo hapo kwenye sanduku la barua. Wengi wenu hudhani mmeshtakiwa. Tulieni! Unaitwa kwa kuwa huenda ukawa mmoja wa wale 12 wanaosikiliza kesi ya jinai na kuamua kama mtu ana hatia. Mahakama ya shirikisho inakutaka uwe raia, umetimiza miaka 18, umeishi kwenye eneo la mahakama hiyo mwaka mmoja, na Kiingereza unakimudu. Naona hapo kwenye Kiingereza watu wanatabasamu. Acheni. Mtu aliyefaulu mahojiano ya uraia kwa Kiingereza hawezi kumwambia karani kwamba kimemtoka.

Wenye grini kadi, tegeni masikio. Majina huchukuliwa kwenye orodha za wapiga kura, na mahali pengi kwenye leseni za udereva pia, kwa hiyo hata asiye raia huletewa bahasha. Usiitupe, wala usiende kujikalia. Jaza kwamba si raia, irudishe, basi. Anayejitia uraia asio nao anaweza kujikuta uwanja wa ndege na tiketi ya kwenda tu. Na yule anayekupigia simu akidai umekwepa juri, ulipe faini sasa hivi kwa kadi za zawadi, ni tapeli. Ila raia anayepuuza samansi ya shirikisho, huyo kweli anaweza kupigwa faini hadi dola 1,000 au kulala ndani hadi siku 3.

Malipo ya mahakama ya shirikisho ni dola 50 kwa siku, na majimbo mengi hayafiki hapo. Msianze kununua viwanja Kibaha.

Sasa tuingie kwenye historia, uwanja wangu. London, 1670. William Penn na William Mead wameshtakiwa kwa kuhubiri mtaani mbele ya umati. Wajumbe 12 wa juri wanakataa kutoa jibu analolitaka hakimu. Basi wanafungiwa usiku kucha bila chakula, bila maji, bila moto, bila tumbaku! Bila tumbaku, ndugu zangu, kwa Waingereza wa zama zile! Wakashikilia msimamo: hawana hatia. Wakatozwa faini, na waliogoma kulipa wakatupwa jela ya Newgate. Mmoja wao, Edward Bushel, akapeleka shauri mbele, na majaji wakaamua kwamba mjumbe wa juri haadhibiwi kwa uamuzi wake. Ningekuwapo mimi, kesi ingekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Kwetu mambo ni tofauti. Mzee wa baraza katika Mahakama Kuu ya Tanzania hutoa maoni, na jaji hafungwi nayo. Kenya iliwaondoa kabisa mwaka 2007. Hapa Marekani juri ikisema mshtakiwa hana hatia, mtu anakwenda zake nyumbani na jaji hana la kuongeza. Na ili kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa, tangu Mahakama ya Juu ilipoamua kesi ya Ramos mwaka 2020 lazima wote wakubaliane; zamani Louisiana na Oregon waliridhika na 10 kati ya 12.

Ukichaguliwa, ni marufuku kupekua habari za kesi kwenye simu, kwenda kuchungulia eneo la tukio, au kumsimulia mwenzi wako. Kundi la WhatsApp ndiyo usiseme.

Lakini kwanza uchaguliwe. Mawakili hukuhoji, na kila upande una nafasi kadhaa za kumkataa mtu bila kutaja sababu, mradi si kwa ajili ya rangi yake. Mimi nimekataliwa na pande zote mbili kwa pamoja, heshima adimu sana. Wakili aliniuliza kama ninaweza kuusikiliza ushahidi kabla ya kuamua. Nikamfahamisha kwamba kwa kichwa kama hiki uamuzi hutangulia, ushahidi hufuata. Kisha nikamshauri jaji kuhusu mpangilio wa viti. Akanishukuru, akanionyesha mlango. Jirani yangu, mama muuza duka aliyekuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu, akachukuliwa! Walichokiona kwake sijui.

Kwa hiyo yanayojiri ndani ya chumba cha kujadiliana nimeyapata kwa tafakuri safi, nami nitayaeleza kwa kina katika sehemu ya pili, mara tu Mwenyekiti atakapoacha kugonga glasi. Maswali yaletwe kwa maandishi. Wengine humu mna tabia ya kusema sana.