Naapa Kuwa Mimi ni Mtu Mmoja

Nilizaliwa Handeni mwaka wa njaa, nikaitwa Mashaka. Kwetu jina ni taarifa ya habari. Mtaa mmoja waweza kuwa na Tabu, Shida, Sikujua na Majuto, na wote wakawa watu wa vicheko. King Majuto wa Tanga alijiita jina la kilio akachekesha nchi nzima mpaka alipofariki mwaka 2018. Langu halijamchekesha hata karani mmoja.

La ukoo ni Semvua. Se- ya Kizigua ni baba, na hiyo mvua kila mtu anaisikia humo ndani. Hebu itwa hivyo Handeni, ambako ndoo hupanga foleni kabla jogoo hajawika! Kiangazi kikikaza, wazee hawakunijulia hali. "We Semvua, umeificha wapi?" Na maji ya bomba yenyewe, siku yakitoka, yanatoka Mto Pangani, upande wa Korogwe.

Huko Korogwe ndiko nilikosoma, kwa mjomba. Msambaa hana Se-, ana She-. Mwalimu wa zamu hakuniuliza kitu. Alinisahihisha tu, kama mtu anayemfuta mtoto kamasi: Mashaka Shemvua. Miaka saba nikaitika. Likizo ikifika, basi likishapita Sindeni, naivua ile "sh" kama sare ya shule, naingia nyumbani Mzigua kamili.

Siku ya kitambulisho ikaja. Cheti cha kuzaliwa Semvua, cha shule Shemvua. Karani akavua miwani.

"Taarifa zako zina mashaka."

"Ndiyo, mama. Ndiye mimi."

Hakucheka. Akanituma kwa wakili, nikala kiapo, mhuri ukagongwa, fedha ikanitoka, yote kuthibitisha kwamba Semvua na Shemvua ni mtu mmoja. Mama aliposomewa ile karatasi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Huyo wakili alikuwepo siku ninakuzaa?"

Nawaonea wivu wazee wa zamani. Ramani ya huku imejaa Kwa fulani: Kwamsisi, Kwachaga, Kwashemshi. Mtu anajenga kibanda, majirani wanasema "naenda kwa fulani", kesho ni kijiji, keshokutwa ni kituo cha basi, na hakuna aliyedaiwa nakala tatu na picha mbili za pasipoti. Mimi hata uani kwangu wanasema "kwa Baba Zuhura", yaani mtoto wa juzi tu ameshanipiku.

Basi ndugu msomaji, ukipita Korogwe ukakutana na Shemvua, au Handeni ukamkuta Semvua, mwambie kitambulisho chake kimetoka. Kimeandikwa Shamvua.