Sifa za Injini ya Ngumi Moja

Washairi wetu wamekwisha kusifu mitume, wapenzi, majahazi na hata maembe. Injini ndogo haijapata mtu. Basi najitolea mimi, nikiwa na kidole cha shahada kilichofungwa bandeji, maana hicho ndicho shahidi wangu wa kwanza.

Ninayoisifu ni injini ya kuchezea, ya dizeli, inayoenea kiganjani. Tundu la silinda ni milimita 14, mwendo wa pistoni milimita 16. Chupa moja ya soda ingeijaza silinda hiyo mara 140. Niliikereza mwenyewe kwenye mashine ya mezani, kwa vyuma nilivyookoteza mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Haina plagi, haina betri, haina hata ringi: pistoni inaziba silinda kwa kusuguliwa tu, mpaka upenyo uliobaki kati yao uwe mdogo kuliko unywele, tena kwa mbali. Ukisugua dakika moja zaidi mgandamizo unakimbia, unaanza pistoni nyingine. Mimi nimeanza nyingine mara tano. Wajuzi watasema hii si dizeli ya haki, kwa kuwa mafuta yake huchanganyika na hewa kwenye kabureta kabla ya kugandamizwa. Waseme. Waswisi walitoa ya kwao, Dyno, mwaka 1941, na naamini huko nako vidole vilivimba.

Sifa ndogondogo nizipitie mbiombio. Ni kimya: katika miezi 14 imeunguruma dakika 11, kwa jumla. Inatunza ndoa, maana mke wangu wakati wote anajua nilipo. Na moshi wake, kwa sababu ya mafuta ya nyonyo, huacha shati likinukia kama marehemu bibi siku ya kusuka nywele.

Lakini sifa iliyonisimamisha hapa ni uadilifu.

Injini hii haina stata. Unaipiga propela kwa kidole, kwa nguvu, kama mcheza karata anayelaza turufu mezani. Juu ya silinda kuna skrubu ya kuongeza mgandamizo. Ukiikaza kupita kiasi, mchanganyiko unawaka kabla ya wakati, propela inarudi kinyume, na hukumu imetoka. Hakuna jalada lililopotea. Hakuna kuambiwa hakimu yuko safarini. Umekosea, umepigwa, unajua kosa lako, na damu yako ndiyo nakala ya hukumu. Wala haiangalii cheo. Imempiga shemeji yangu wa benki, aliyekuja na saa ya dhahabu na ushauri. Imempiga mwalimu wa fizikia katikati ya maelezo yake. Fundi wa Gerezani, mwenye mikono kama gome la mbuyu, naye ilimpiga, akacheka, akarudia, ikampiga tena.

Nimejaribu kuihonga, nakiri. Nilidhani ikipewa matone mawili ya mafuta nje ya utaratibu, kupitia tundu la moshi, italainika. Ikafunga kama kufuli. Kimiminika hakigandamizwi, pistoni ikagoma kupanda, na nikakaa nusu saa nikiipindua kifudifudi ili niirudishie heshima yake. Ukiihonga, haizunguki. Zipo ofisi ambazo zisipohongwa ndiyo hazizunguki, lakini leo tunasifu, hatusemi watu.

Mafuta yake ni theluthi tatu: nyonyo, mafuta ya taa na etha. Etha ndiyo roho, kwani huwaka yenyewe hata kabla joto halijafika nyuzi 200. Imo pia katika mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 dhidi ya dawa za kulevya, kwa kuwa wapika kokeini nao wanaipenda. Kwa hiyo nilipoiulizia kwenye duka la dawa, binti wa kaunta aliniamkia, “Shikamoo baba,” akanitazama miwani, akatazama mikono yangu myeusi, akaingia ndani kumwita mtu. Niliandika barua tatu ndipo nikaipata. Sikulalamika. Sheria ina sababu yake, na binti yule alikuwa na adabu.

Sindano ndiyo iliyonishinda. Sindano ya kabureta! Kipande cha waya chenye ncha, chembamba kuliko punje ya mchele, nilichoagiza Uingereza baada ya kuharibu vinne vya kwangu. Kwenye kifurushi muuzaji aliandika “vipuri vya injini”. Ofisi iliyokipokea, ambayo naisitiri, ikaniuliza: injini ya gari gani? Nikasema si ya gari. Ya pikipiki? Hapana. Basi ujaze fomu, mzee, uandike nambari ya chesisi. Nikaandika “haina”. Fomu ikarudi kwa kuwa haijakamilika. Nikaeleza, nikachora. Nikaambiwa mwenye kusaini ametoka, nije Jumatatu. Jumatatu alikuwa semina. Jumatatu ya tatu alikuwepo, mfumo ndio haukuwepo. Ya nne nilikuta gharama ya kuhifadhi mzigo imeipita bei ya sindano, na ghala lenyewe, kwa macho yangu, ni droo ya meza! Hakuna aliyenikatalia. Laiti mmoja angenikatalia. Ningejua nilipokaza zaidi, ningelegeza robo mzunguko, ningepiga tena.

Jumatatu ya sita nilimpata mwenye kusaini. Kijana mtanashati, alinikaribisha kiti, akasikiliza hadi mwisho, akasema hawezi kusaini kitu asichokielewa; nimletee injini yenyewe aione ikifanya kazi.

Nimeifunga kwenye ubao, nimeiwekea propela mpya na sindano mbovu kuliko zote nilizotengeneza. Mafuta yako kwenye kichupa. Skrubu ya juu nimeikaza, labda nimezidisha kidogo. Yule kijana ana vidole laini, kucha zimekatwa vizuri, na nitamwambia, “Karibu bosi, piga mwenyewe.”