Kazi Yangu Ni Kufuta Mafaili

Ofisini wananiita Mwizi, nami sikasiriki. Nalipwa mshahara, tena unaokatwa kodi, ili niivizie programu ikiwa katikati ya kazi na kuifutia faili inalolisoma, nione kama itastahimili. Mama mkwe alipouliza nafanya kazi gani, mke wangu akamjibu, "Anafuta mafaili, mama." Mama akataka kujua kama chuo chote kile nilisomea kufuta.

Lakini mafaili hutoweka kweli. Nenda steshenari yoyote mchana: mwanafunzi amechomeka fleshi, ripoti yake ndefu inachapwa, foleni inanung'unika, na mwenye haraka zake anaichomoa akidhani ni yake. Kompyuta inaganda. Lawama zote zinamwangukia dada wa steshenari, wakati mkosaji ni aliyeandika programu akiamini kuwa duniani hakuna mtu wa kuchomoa fleshi ya mwenziwe.

Kijana wa imani hiyo tunaye. Aliniletea programu ya kunakili nyaraka za mteja huku anatabasamu. "Kaka, leo hunipati. Kabla ya kufungua faili, naangalia kwanza kama lipo."

Sasa, kati ya kuangalia na kufungua kuna mwanya. Ni mdogo, hata sekunde haufiki, ila kwa mwizi unatosha. Nikaandika kiprogramu cha kujibanza papo hapo. Programu yake ikaangalia: faili lipo. Ikanyoosha mkono: halipo. Ikafa palepale na kuyaacha mafaili mengine yote, mazima kabisa, kama daladala inayogeuza na abiria wake kwa sababu mmoja hakutokea kituoni.

"Nani atafuta faili sekunde hiyohiyo?" akauliza kwa uchungu.

"Mimi," nikamjibu. "Na programu ya kuzuia virusi. Na mhasibu, akiamua kusafisha folda."

Akaenda, akarudi na toleo jipya. Hilo halikufa. Nililiibia nusu ya mafaili, likamaliza na kuandika kwa rangi ya kijani: "Kazi imekamilika." Hapo ndipo nilipoogopa. Programu inayokufa kwa kelele angalau inaamsha watu. Hii ingemwacha mteja alale usingizi mnono juu ya nakala ambazo hazipo.

Si kwamba kukiri mafaili yaliyokosekana ni jambo geni. Programu ya rsync, ambayo wasimamizi wa kompyuta wanaitumia kunakili mafaili, inapomaliza kazi huweza kurudisha namba 24, maana yake baadhi ya mafaili yalitoweka kabla hayajahamishwa. Yaani: nimebeba niliyoyakuta, mengine sikuyakuta, na sikufichi. Laiti fundi wangu wa nguo angekuwa na namba hiyo.

Wizi wenyewe una mikoa yake. Kwenye Linux unaweza kulifuta faili ambalo programu imeshalifungua, jina likatoweka kwenye folda, na programu ikaendelea kulisoma kama kawaida. Yaliyomo hayaondoki diskini mpaka alifunge yule wa mwisho anayelitumia. Ukijisifu umeiba, unagundua umeiba kibao cha mlangoni tu. Kwenye Windows, mara nyingi unakataliwa waziwazi: faili linatumika, ondoka. Huko inabidi nirudi kwenye mbinu ya steshenari, nichomoe fleshi kwa nguvu. Ndiyo maana mhasibu ananiangalia kwa jicho baya kila nikiomba fleshi mpya.

Toleo analotumia mteja sasa haliulizi kwanza kama faili lipo. Linafungua tu, likikosa, linaandika jina la lililokosekana, linaendelea na mengine, na mwisho linataja yote ambayo halikuyapata. Nimelipitisha, na kijana kanunua chipsi mayai ofisi nzima. Nyinyi wengine wekeni nakala za mafaili yenu, maana mimi bado nipo kazini.