Afadhali Kufungwa Kuliko Kufarijiwa

Kufungwa katika mpira wa vinyoya hakuchukui muda. Seti moja ni pointi 21, anayetangulia kupata seti mbili ndiye mshindi, na tangu mwaka 2006 kila mpira ukifa lazima mtu aandikiwe pointi. Kabla ya hapo pointi ilikuwa ya yule aliyeanzisha mpira tu, kwa hiyo hata mchezaji wa kiwango changu aliweza kumchelewesha bingwa mpaka watazamaji wakadhani ni ushindani. Siku hizi naacha chai mezani, naingia uwanjani, natolewa, na nikirudi chai bado haijapoa.

Basi mimi kufungwa sikulalamikii. Ninacholalamikia ni pole.

Bonanza letu huchezwa kwenye ukumbi mmoja hapa Dar es Salaam, milango imefungwa na feni zimezimwa. Kinyoya kina gramu 5 hivi, manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo, na upepo kidogo tu wa feni unatosha kukipeleka kusikotakiwa. Kwa hiyo feni zipo, nzuri, zimefungwa juu darini, na zinatutazama tukiloa jasho. Watu wenyewe hatutoshi, hivyo waandaaji hawatengi umri wala jinsia. Jina linaandikwa kwenye karatasi, karatasi inatiwa kwenye kofia, na Mungu ndiye anayepanga ratiba.

Safari iliyopita Mungu alinipangia binti wa kidato cha pili. Alinisogelea kwenye wavu, akabonyea kidogo kama walivyofundishwa kwao.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Hujambo?”

“Sijambo.”

Roho ikatulia. Mtoto mwenye adabu namna hii, nikawaza, hawezi kumtenda mtu mzima ubaya. Kisha mchezo ukaanza. Uwanja wa mtu mmoja mmoja una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 5.18, nusu yake ikiwa yangu, na yule binti alinitembeza nusu hiyo kama dalali anayemwonyesha mpangaji nyumba: pembe hii, haya na hii, na huku nyuma bado hujapaona. Kinyoya kilipoanguka kwangu, alipita chini ya wavu akakiokota mwenyewe, kwa sababu mtu mzima hainamishwi. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikamrudishia aanzishe. Akanifunga tena. Nilitamani awe na utovu wa adabu japo kidogo, nipate la kumsema, lakini sikupata hata hilo. Ilikuwa 21 kwa 6, kisha 21 kwa 4.

“Asante, mjomba,” akasema. “Seti ya kwanza umenisumbua sana.”

Huyo ndiye mfariji wa kwanza, na kusema kweli ndiye aliyekuwa na nafuu. Wenzake walikuwa wananisubiri kwenye meza ya chai.

Kuna methali isemayo kuwa asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimeambiwa methali hii na watu wa kila rika, na sijawahi kuisikia ikitoka kinywani mwa aliyefungwa siku hiyo. Huisema aliyeshinda, tena sambusa ikiwa mkononi. Na tukiifuata methali yenyewe ilivyo, mimi kushindwa huwa nimeshakubali kuanzia pointi ya tatu. Kwa kipimo hicho hakuna mshindani kunipita Afrika Mashariki nzima.

Akaja mfariji mwalimu. Huyu hakupi pole, hukupa somo, na siku hiyo alinieleza kasoro ya miguu yangu akitumia kijiko cha sukari badala ya raketi, mpaka sukari ikamwagika kwenye bukta yangu. Akaja mfariji mfanyabiashara, ambaye kwa maoni yake nyuzi za raketi yangu zimelegea na kwa bahati nzuri anayo nyingine kwenye gari.

Niliyemheshimu ni kijana mmoja aliyenitajia Lee Chong Wei wa Malaysia. Mtu aliyekaa namba moja duniani zaidi ya wiki 300, akafika fainali ya Olimpiki mwaka 2008, 2012 na 2016, na zote tatu akafungwa: Beijing na London na Lin Dan, Rio na Chen Long. Pale London seti ya mwisho ilikwenda 21 kwa 19. “Kwa hiyo, bro, hata wakubwa wanafungwa,” akasema kijana. Nikamshukuru. Maneno yake yalikaa kifuani vizuri kabisa, mpaka nilipoanza kupiga hesabu. Lee alikosa pointi mbili tu. Tena ninavyojua, baada ya fainali ile hakuna aliyemwambia, “Haya, kaa pale uchezeshe mechi inayofuata.”

Maana ndiyo kanuni ya bonanza letu: aliyefungwa ndiye mwamuzi wa mechi inayofuata. Sijui ni nani aliyeitunga, ila hakika hakuwa mtu wa kufungwafungwa. Unatoka umelowa, magoti yanatetemeka, moyo bado unabishana na binti wa watu, halafu unapewa kiti cha plastiki na peni isiyoandika. Wachezaji walikuwa wazee wawili, mmoja mhasibu na mwingine daktari, marafiki wa miaka mingi ambao wakishika raketi tu hawajuani. Kinyoya kikaanguka karibu na mstari.

“Imetoka!”

“Imegusa! Mwamuzi, si umeona?”

Sikuona. Nilikuwa bado kwenye seti yangu ya pili. Kwenye mashindano makubwa kuna kamera za kumaliza ubishi wa namna hii. Sisi tuna watoto waliojazana dirishani, na wao humuunga mkono aliyewanunulia ubuyu. Bahati nzuri sheria inaruhusu mpira urudiwe pale ambapo hakuna aliyeona na mwamuzi hawezi kuamua. Nikasema rudieni. Wakarudia. Kikaanguka tena mstarini, nikasema rudieni. Sheria ile niliitumia siku hiyo mpaka ikachakaa. Ilipofika saa ambayo fainali ilipaswa kuwa imeshaanza, wazee wangu walikuwa bado 9 kwa 9 seti ya kwanza, na nyuma yangu nikamsikia mtu akinong’ona, “Jamani, bora angeshinda huyu.”

Katika pole zote nilizowahi kupewa, hiyo ndiyo iliyoniingia.

Mchana tulicheza wawili wawili. Hapo sina maelezo mengi. Kinyoya kilipopita katikati yetu mwenzangu alisema “Yako,” mimi nikasema “Yako,” na kilipokuja kingine tukasema sote “Yangu,” nikapigwa raketi ya sikio. Wakati wa kubadilisha viatu nilimkumbusha mwenzangu kisa cha Olimpiki ya London, mwaka ule ule wa 2012, ambapo jozi nne za wanawake, mbili za Korea Kusini, moja ya China na moja ya Indonesia, ziliondolewa mashindanoni kwa kucheza makusudi ili zifungwe, zipangiwe wapinzani wepesi mbele ya safari. Ukumbi ukawazomea. Sisi hakuna aliyetuzomea. Sikio langu lilikuwa limevimba, na ushahidi wa kujitahidi uliozidi huo sijui ni upi.

Nyumbani mama watoto hakuniuliza kama nimeshinda. Huliona jibu kwenye namna ninavyolifungua geti.

“Nani kakufunga?”

“Binti mmoja.”

“Wa wapi?”

“Mwanafunzi. Yuko kidato cha pili.”

Akaweka mwiko chini. “Alikuamkia?”

“Aliniamkia.”

“Basi huyo mtoto kalelewa,” akasema, na kuanzia hapo habari yote ikawa ya malezi ya watoto wa siku hizi. Mimi na sikio langu hatukutajwa tena.

Bonanza lijalo liko Arusha na ada nimeshalipa. Safari hii najiandaa kikamilifu. Dar tunacheza usawa wa bahari, na Arusha iko mita 1,400 hivi juu yake. Huko juu hewa ni nyepesi, kinyoya hakipati kizuizi, kwa hiyo pigo lile lile linalotua ndani hapa kwetu, kule linaweza kutoka nje. Ndiyo sababu watengenezaji huvipa vinyoya namba za mwendo, kuanzia 75 za polepole hadi 79 za haraka, na sehemu za miinuko hutumia zile za chini. Mtu akija na pole zake Arusha, namjibu kwa mita na namba, arudi kwenye sambusa yake. Mwenzangu alitaka kuwapigia waandaaji awaulize wataleta vinyoya namba ngapi, tutafute vya kufanyia mazoezi. Nimemsihi asipige.