Sifa za Mkopeshaji Asiye na Leseni

Benki humdai mtu hati ya nyumba, barua ya mwajiri na picha mbili za pasipoti. Kikoba humtaka ahudhurie vikao na kununua hisa. Mkopeshaji wa mtandaoni asiye na leseni hana makuu: anaomba namba ya NIDA, picha ya uso, na kidole kimoja cha kubonyeza "Ruhusu". Dakika chache simu inaita, pesa imeingia. Ikiwa ni saa nane za usiku na mtoto anachemka kwa homa, ni taasisi gani nyingine nchini Tanzania ingefungua mlango?

Ni kweli kwamba aliyeomba laki moja anaweza kukuta imeingia elfu sabini. Wenye roho ya kwa nini huuita huo wizi. Kumbe mwenzao amemhurumia mteja: ile elfu thelathini ni ada ya huduma, ada ya uchakataji na ada nyingine itakayopewa jina baadaye, na zote zimekatwa mapema ili zisije zikaliwa ovyo. Siku ya saba anatakiwa kurudisha laki kamili. Benki Kuu ya Tanzania imewawekea wakopeshaji wadogo waliosajiliwa, wasiopokea amana, ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani shilingi 3,500 kwa laki. Mkopeshaji wetu huiona namba hiyo kuwa ya watu wasiojua kuota ndoto kubwa.

Ubunifu wake halisi, hata hivyo, huonekana mteja anaposhindwa kulipa. Hapo hutokea kitufe cha upole kilichoandikwa "Ongeza muda". Akilipa elfu thelathini, anapewa wiki nyingine. Deni linabaki palepale, laki moja, halijaguswa. Kwa hesabu hiyo, aliyeongeza muda mara nne ametoa 120,000 kwa ajili ya elfu sabini alizopokea, na bado anadaiwa laki. Wavumbuzi wamehangaika karne nyingi kutafuta mashine isiyosimama. Huku mitaani ipo, na inaendeshwa kwa simu ya mkononi. Watu wameibandika jina la kausha damu, shukrani ya punda.

Lakini sifa inayompita kila mtu ni upendo wake kwa ukoo. Kile kitufe cha "Ruhusu" kilimpa orodha nzima ya majina kwenye simu, naye haibagui. Siku moja tu ya kuchelewa na ujumbe umeshamfikia mama mkwe, mwalimu wa kwaya, bosi, mchumba wa zamani, hata yule aliyehifadhiwa kwa jina la "Fundi Bomba Mbezi": "Umeandikishwa kuwa mdhamini. Mwambie ndugu yako alipe leo." Fundi bomba hajamwona huyo ndugu yake tangu sinki lilipoziba. Ni nani mwingine angewakutanisha hawa wote bila gharama ya ukumbi? Mkopeshaji huyu alijua jambo ambalo benki zilichelewa kulitambua: kwetu dhamana kubwa kuliko kiwanja ni aibu, na aibu haihitaji kusajiliwa ardhi.

Unyenyekevu nao usisahaulike. Hana bango, hana ofisi, hana jina analoling'ang'ania. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilipotangaza majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, hakuonekana akitembea mjini kujisifu kwamba yumo. Mwenzake wa Kenya hakuwa na bahati ya kufichika hivyo. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa nchi hiyo aliitoza kampuni iliyoendesha programu za KeCredit na Faircash faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia ujumbe wa vitisho. Hivyo ndivyo ukarimu unavyolipwa Afrika Mashariki.

Na wasio na shukrani wanazidi kuongezeka. Kabla ya kukopa, wanatazama orodha ya Benki Kuu ya wakopeshaji wenye leseni, kana kwamba urafiki unahitaji cheti. Wanaizuia programu isisome majina ya simuni, na wanajua kwamba kuifuta hakurudishi namba zilizokwisha kunakiliwa. Wanapiga picha ya kila ujumbe wa matusi na kuzipeleka polisi, au kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inayosimamia sheria iliyoanza kutumika Mei 2023. Wakitakiwa kulipa, wanakataa kutuma pesa kwenye namba ya mtu binafsi. Wanadai risiti yenye jina la kampuni, jambo linalomuumiza sana mtu mnyenyekevu.

Wapo wabaya zaidi, wanaomwahi. Wanawaandikia jamaa zao wote mapema: "Kuna watu wamechukua namba kwenye simu yangu. Wakiwapigia kuhusu deni, hamjanidhamini popote." Mkopeshaji akipiga, anakuta habari imeshafika, shangazi amekaa mkao wa kula, naye anamwomba kwa heshima zote amtajie namba ya leseni, taratibu, kalamu anayo.