Jinsi ya Kuifundisha Hifadhidata Yako Uongo

Seva inajikokota na bosi amesimama nyuma ya kiti chako. Usinunue diski mpya. Kinachoiponza hifadhidata yako ni uaminifu: haisemi "tayari" mpaka diski ikiri kwamba imeandika kweli. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 tu kwa sekunde, na kila muamala unasubiri zamu yake. Ni karani asiyetoa risiti mpaka wino ukauke.

Dawa ipo. Fungua postgresql.conf, andika fsync = off. Sasa karani atajibu "nimeandika, mzee" huku kalamu ingali sikioni. Ukitaka kuimaliza kazi, nenda kwenye ext4 uweke barrier=0, diski isiamriwe tena kumwaga akiba yake kwa wakati. Kasi utakayoiona, utajiita mhandisi.

Waoga watakuambia synchronous_commit = off inatosha: umeme ukikatika unapoteza miamala ya chini ya sekunde moja, hifadhidata inabaki nzima. Wa MySQL watataka innodb_flush_log_at_trx_commit iwe 2 badala ya 1, nayo hasara yake ni kama sekunde moja. Watataja na noatime, ingawa tangu 2009 Linux yenyewe imeacha kuandika saa kila faili linaposomwa. Waache na sekunde zao.

Umeme usikutie hofu, una UPS. Ndiyo ile iliyo chini ya meza, inayolia pi-pi-pi tangu Ramadhani, nawe umeizoea kama chiriku.

Mwongozo rasmi wa PostgreSQL unashauri fsync izimwe pale tu unapoweza kuijenga upya data yote kwa urahisi kutoka kwingine. Sharti hilo mimi nililitimiza. Umeme ulikatika saa kumi jioni; uliporudi, hifadhidata ikagoma kuwaka, haioni hata chekipointi moja halali. Lakini vitabu vya risiti vilikuwepo, vile vya kaboni, boksi mbili stoo. Siku tatu mama wa stoo alisoma, mimi nikachapa: saruji mifuko minne, misumari kilo mbili, rangi ya bluu-au-ni-kijani-hii. Kila ukurasa ulipoisha alivua miwani, akanitazama.

"Umesevu, mwanangu?"

"Nimesevu, mama."

"Umesevu kweli?"